Meza Moja, Vinywa Vilivyofumbwa: Dhidi ya "Mgongano wa Mila na Usasa" katika Usomaji wa Tamthilia ya Kikorea

Ipo kauli moja ambayo imekaa katika tahakiki yetu kwa muda mrefu hata tumesahau kwamba ni kauli tu. Kauli yenyewe inadai kuwa popote tunapoikuta familia iliyosambaratika katika kazi ya sanaa, lazima pawe na mila iliyoachwa na usasa uliokuja kuibomoa. Mwanafunzi huifunza kabla hajajua kumtenga mwandishi na msimulizi wake. Huibeba hadi shahada ya pili, na akibahatika kuajiriwa huwapokeza wengine. Imetumiwa kuhakiki riwaya za bara na za visiwani, ikatumiwa kwa tamthilia na kwa hadithi fupi, na karibu kila ilipotumiwa imelijibu swali kabla halijaulizwa.

Makala haya yanakusudia kuipinga kauli hiyo kwa kutumia kazi ambayo haikutungwa kwa Kiswahili wala haikutungwa Afrika. Sababu ya kufanya hivyo si upungufu wa mifano ya kwetu. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alipeleka mbele ya jopo fulani pendekezo la kulinganisha usawiri wa familia katika riwaya za awali za Euphrase Kezilahabi na katika mfululizo mmoja wa televisheni kutoka Korea Kusini. Alijibiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba televisheni si fasihi. Pili, kwamba akishikilia msimamo wake, basi mada yake isomeke "mgongano wa mila na usasa katika jamii ya Kikorea", na nadharia yake iwe udhanaishi.

Jawabu la kwanza halinipotezei wakati. Sisi ambao tumejenga nusu ya mitaala yetu juu ya nyimbo, ngano na maigizo ambayo hayakuwahi kuandikwa hatuna uso wa kumwambia mtu kwamba kisichokuwa kitabu si fasihi. Ugomvi wangu ni na jawabu la pili, kwa kuwa lilitolewa na watu ambao, kwa kukiri kwao wenyewe, hawakuwa wameitazama kazi iliyozungumziwa.

Kazi yenyewe ni *Naui Haebang Ilji*, jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulifasiri kuwa "Shajara ya Ukombozi Wangu". Iliandikwa na Park Hae-young, ikaongozwa na Kim Seok-yoon, na ikaonyeshwa na kituo cha JTBC kuanzia Aprili hadi Mei 2022 katika sehemu 16. Kisa chake ni chepesi kusimulia na kigumu kufupisha. Familia ya Yeom inaishi Sanpo, mahali pa kubuni katika mkoa wa Gyeonggi unaoizunguka Seoul. Baba anatengeneza na kufunga kabati za sinki za jikoni katika karakana yake, na muda unaobaki analima. Mama anapika, anamsaidia mumewe, analima na anapika tena. Watoto wao watatu, binti mkubwa Gi-jeong, mwana Chang-hee na kitinda mimba Mi-jeong, ni watu wazima ambao hawajaoa wala kuolewa. Kila siku wanasafiri kwenda Seoul kazini, kiasi cha saa moja na nusu kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Pembeni mwa nyumba yao anaishi mgeni mmoja anayeitwa Bwana Gu tu, ambaye mchana anamsaidia mzee kazi na usiku anakunywa soju hadi usingizi umchukue. Hakuna ajuaye alikotoka.

Sasa na tuulize: mila gani imeachwa hapa?

Watoto hawa hawajahama kwao. Hawakutoroka kijijini wakaukana ukoo. Wanalala chini ya dari ya wazazi, wanakula chakula cha mama, na siku za mapumziko, ambapo wenzao wa ofisini wanalala hadi adhuhuri, wao wanainama shambani kwa baba yao katika jua la kiangazi. Baba ndiye mkuu wa nyumba na hakuna anayempinga usoni. Ukichukua orodha yoyote ya sifa za familia ya jadi, iwe ya Kikorea au ya Kiafrika, utaiona familia ya Yeom imezitimiza karibu zote: kuishi pamoja, kufanya kazi pamoja, kula pamoja, heshima kwa mkubwa. Na ndani ya utimilifu huo wote, hakuna mtu anayemjua mwenziwe. Meza ni moja na vinywa vimefumbwa. Sauti inayosikika ni ya vijiti na bakuli. Kamera inakaa juu ya mlo huo muda mrefu kuliko inavyohitaji msuko, mpaka mtazamaji naye anaanza kuona haya ya kutafuna.

Atakayejibu kwamba usasa umewafuata hapo hapo mezani, kwamba mji mkubwa umewatia sumu, namwomba aitazame kazi ya awali ya mwandishi huyu huyu, *Naui Ajeossi*, iliyoonyeshwa na tvN mwaka 2018. Humo kuna ndugu watatu wa kiume, watu wa makamo, ambao wawili wao wameshindwa maishani na wamerudi kukaa kwa mama yao. Wanaishi ndani ya Seoul yenyewe, katikati ya usasa wote tunaoulaumu: kampuni zenye fitina, madeni, ndoa inayooza. Lakini ndugu hawa wanagombana, wanacheka, wanalia mbele ya wenzao, wanakutana karibu kila jioni katika baa ya mtaani kwao. Basi tunaye mwandishi mmoja, nchi moja, zama zile zile. Familia ya kwanza imeshikamana mjini, ya pili imetengana shambani. Kama usasa ndio kisababishi, matokeo yangekuwa kinyume.

Aidha, hata hiyo "mila ya Kikorea" si jiwe lililokaa mahali pamoja tangu enzi. Mfumo wa kisheria uliomweka mwanamume kuwa kichwa cha kila kaya katika daftari la serikali ulitangazwa na Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini mwaka 2005 kuwa unakiuka katiba, na ukafutwa kabisa mwanzoni mwa 2008. Mabinti wa Yeom wamekuwa wanawake wazima wakati sheria ya ukoo ikibadilika juu ya vichwa vyao. Hata hivyo katika sehemu zote 16 hatuoni mtu akiililia sheria hiyo wala kuishangilia. Hilo si jambo linalowaumiza.

Kinachowaumiza ni nini? Nitaanza na barua, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo msomaji wa Kezilahabi ataitambua upesi. Mi-jeong alikopa fedha benki kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, naye akaenda zake bila kulipa. Barua za madeni zinaanza kuja. Msichana huyu hawezi kuacha barua hizo zifike nyumbani, basi anamwendea yule mgeni mlevi asiyemjua hata jina lake kamili, anamwomba azipokee kwa anwani yake. Katika *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 nako kuna barua: Zakaria anaigundua barua ambayo bintiye ameandikiwa na mvulana, akampiga kipigo ambacho kinaanzisha maangamizi yote yanayofuata. Mhakiki wa "mila na usasa" atazilinganisha barua hizi mbili apesi kwa apesi na kusema kwamba mabinti wote wawili wanamwogopa baba wa jadi. La hasha. Mzee Yeom hampigi mtu. Mi-jeong hahofii kiboko. Anahofia kwamba baba atakaa kimya, mama atakaa kimya, kisha kesho yake wataongeza saa za kazi ili deni lilipwe, na hakuna atakayelitaja tena. Zakaria anaingilia maisha ya bintiye kwa ukatili. Mzee Yeom angelibeba deni la bintiye mgongoni pamoja na mizigo mingine, bila hata kumtazama usoni. Msiba wa Rosa ni wa mkono uliomfikia, na wa Mi-jeong ni wa mkono ambao haujawahi kunyooshwa.

Hapa ndipo mahali pa kulisema wazi ninalolisema: katika kazi hii familia haikuvunjwa na kutoka katika jadi bali na uchovu. Ni familia inayofanya kazi kupita kiasi cha kuweza kuzungumza. Chang-hee anasimulia jinsi mwanamke aliyeachana naye alivyoifananisha Gyeonggi na ute wa yai unaokizunguka kiini, yaani Seoul. Mfano huo ni wa dharau, lakini kama uchambuzi wa jiografia ya kazi haukosei sana. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 13, wengi kuliko Seoul, na sehemu kubwa ya umri wao inamwagika njiani. Kuna onyesho ambalo ndugu hawa watatu, kila mmoja akitoka kwake, wanakutana usiku mjini ili wachangie nauli ya teksi moja ya kuwarudisha Sanpo. Ndugu watatu wa tumbo moja wamebanana ndani ya gari moja, na kilichowaunganisha ni bei. Nafikiri onyesho hilo linatosha sura nzima ya tasnifu, na mwanafunzi wangu alikuwa amelichagua. Hakuna mtu katika lile jopo aliyemuuliza juu yake.

Kazini nako si kimbilio. Mi-jeong ni mwajiriwa wa mkataba, anayerudishiwa kazi yake na mkubwa wake ikiwa imetiwa alama nyekundu huku na huku. Kampuni ina kitengo cha kuwaletea wafanyakazi furaha, kinachowasumbua wale wasiojiunga na chama chochote cha burudani. (Nani miongoni mwetu asiyejua kikao cha lazima cha kujenga moyo wa ushirikiano?) Mi-jeong na wenziwe wawili, watu wanyamavu kama yeye, wanaishiwa na visingizio, wakaunda chama chao na kukiita Chama cha Ukombozi. Masharti yao: kutojifanya mwenye furaha, kutojifanya mwenye huzuni, kujitazama kwa ukweli. Katika mikutano yao ni marufuku kumpa mwenzio ushauri, na ni marufuku kumliwaza.

Neno *haebang* ndilo Wakorea wanalolitumia kwa kukombolewa kwa nchi yao kutoka kwa Wajapani mwaka 1945. Lina uzito ule ule ambao neno "ukombozi" linao katika fasihi yetu, ambako limekuwa la mapambano, la taifa, la tabaka. Park Hae-young amelitwaa neno la uwanja wa vita akaliweka kando ya *ilji*, kumbukumbu za kila siku, kitu cha daftari dogo. Wahakiki wa mrengo ambao mimi mwenyewe nililelewa ndani yake watasema huko ni kulipunguza neno, ni ubinafsi wa tabaka la kati. Shtaka hilo nalichukulia kwa uzito kuliko lile la mila na usasa, maana angalau linatokana na kusoma. Lakini tuangalie ni watu gani wanaoandika shajara hizi: mwajiriwa wa mkataba, baba anayemlea mtoto peke yake, meneja aliyechoka. Mtu ambaye saa zake zote zimekwisha kuuzwa hana pa kuanzia mapambano ila katika dakika ile anayoikalia peke yake na kalamu. Kumwambia kwamba dakika hiyo ni anasa ni kusimama upande wa mkubwa wake.

Nije sasa kwa udhanaishi. Wenzangu watanikumbusha, na watakuwa na haki, kwamba Mi-jeong anakumbuka utoto wake kanisani, watoto wenzake wakiandika maombi ya alama nzuri na marafiki, naye akistaajabu kwamba hayo si ya kumwomba Mungu. Yeye alitaka tu kujua yeye ni nini na kwa nini yuko hapa. Je, huo si udhanaishi? Swali ni la udhanaishi, sikatai. Lakini swali peke yake halifanyi falsafa, na tahakiki yetu imekuwa na pupa ya kumvika kila muulizaji joho la Sartre. Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) anaulizia maana ya maisha, hapati, anajiua. Hapo hoja ya wahakiki wetu ina mguu wa kusimamia. Mi-jeong hatafuti maana ya maisha kwa jumla, wala hatangazi kwamba maisha hayana maana. Anajua hasa anachokosa na anakitaja. Anamwendea Bwana Gu na kumwambia kwamba hajawahi kujazwa hata mara moja, kwamba mapenzi hayatoshi, na kwamba anataka afanyiwe jambo ambalo Kikorea kinaliita *chuang*.

Maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yanayopita chini ya picha yanalitaja jambo hilo kwa neno la ibada, na wanafunzi wetu, ambao wanaitazama kazi hii kupitia Kiingereza, wanaandika "kuabudu". Hapo ndipo udhanaishi unapojipenyeza: Mungu hayupo, binadamu anamwabudu binadamu, tayari tuna sura ya nne ya tasnifu. Lakini *chuang* ni neno la maandishi zaidi kuliko la mazungumzo, na ndiyo maana Bwana Gu mwenyewe linampiga butwaa. Linaundwa kwa mizizi miwili ya asili ya Kichina, mmoja wa kusukuma au kupandisha mbele, mwingine wa kuinua macho kutazama juu. Anapotakiwa alieleze, Mi-jeong halisemi kwa lugha ya hekalu. Analieleza kuwa ni kumtia mtu moyo, kumwona kuwa anaweza lolote. Sisi tunalo neno "kuenzi", ambalo lina heshima, utunzaji na thamani ndani yake, na kwangu mimi liko karibu zaidi kuliko "kuabudu" au "kutukuza". Linachokosa ni yale macho yanayoinuka. Mtu anaweza kuenzi kumbukumbu ya marehemu. *Chuang* inamtaka aliye hai, aliye mbele yako, na ina msukumo wa kumpeleka mahali. Huenda tukalazimika kusema kwa maneno mengi: kumwenzi mtu kwa kumwinulia macho. Si fasiri nzuri, lakini angalau haidanganyi.

Na tazama linavyotendwa. Upepo unapeperusha kofia ya Mi-jeong ng'ambo ya mfereji mpana. Bwana Gu, mlevi, mtu asiyenena, anarudi nyuma hatua nyingi, anakimbia, anauruka mfereji kwa mruko ambao hakuna aliyedhani mwili wake unaumudu, anairejesha kofia. Hakuna hotuba. Familia nzima inatazama kwa vinywa wazi. Shauku ambayo tuliambiwa ni ya kifalsafa imejibiwa kwa kofia. Nani katika nyumba ile, kwa miaka yote, aliyewahi kukimbia kwa ajili ya Mi-jeong? Walikuwa shambani, wamechoka, na walimpenda. Kazi hii inasisitiza kwamba walimpenda. Ndilo linaloifanya iwe chungu zaidi kuliko kisa cha baba katili, na ndilo ambalo kauli ya mila na usasa haina chombo cha kulipimia.

Sitaki nidhaniwe kwamba naitetea kazi hii kwa upofu. Bwana Gu anageuka kuwa mtu wa vilabu vya usiku vya mjini, biashara ya kihuni yenye fedha nyingi, na mwandishi anamsamehe kwa urahisi ambao asingempa mwanamume asiyekuwa na sura nzuri. Gari lake la kifahari linapendwa na kamera kupita ilivyo lazima. Gi-jeong, ambaye sauti yake ya malalamiko ndiyo sauti pekee inayokivunja kimya cha meza ile, anapewa vichekesho mara nyingi mno kabla ya kupewa utu.

Lakini dosari kubwa, kama ni dosari, ni mama. Katika sehemu za mwisho anabandika wali motoni, anaingia chumbani kujinyoosha kidogo, na hainuki tena. Anafia katikati ya zamu. Baada yake nyumba inafichua ilivyokuwa imesimama: baba hajui jiko, watoto wanahamia Seoul, mzee baadaye anaoa mke mwingine. Chang-hee, ambaye amekuwapo penye vifo kadhaa, anaingia darasa asilolikusudia, anakuta ni la wanaojifunza kuandaa mazishi, na anakaa. Wote wanapata pa kwenda kutokana na kifo hicho. Nimebishana na wanafunzi wangu juu ya jambo hili kwa zaidi ya muhula mmoja. Wengine wanasema mwandishi amemtumia mama kama ngazi, kama walivyotumiwa akina mama wengi katika riwaya zetu, wafe ili mwana azinduke. Wengine, na hasa wale waliolelewa na mama wa namna hiyo, wanasema mwandishi ameonyesha kwa makusudi kwamba hata katika kazi yenye jina la ukombozi kuna mtu mmoja asiyepewa daftari.

Mimi naegemea upande wa hawa wa pili, ingawa si kwa uhakika ninaoutaka. Chama cha Ukombozi kina masharti, kina wanachama, kina saa ya kukutania baada ya kazi. Mama wa Sanpo hakuwa na saa ya baada ya kazi. Mwanafunzi yule ameiondoa "mila na usasa" katika kichwa cha pendekezo lake na kulirudisha mbele ya jopo. Sura ya tatu sasa inahusu wali ule uliobaki motoni.